Kompyuta Ikikata Sauti, Usikimbilie Kupiga Windows

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Kompyuta yangu ya mezani imekata sauti ghafla, fundi anasema mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) imekufa. Nifanyeje?" Nikamuuliza swali moja tu: kabla haijanyamaza, ulichomeka kitu gani kipya? Monita, akasema. Hapo nikajua tumemaliza. Waya wa HDMI, ule unaounganisha monita na kompyuta, hubeba picha na sauti pamoja, na Windows ikiiona monita mpya mara nyingi huihamishia sauti yote huko, hata kama monita yenyewe haina spika. Nikamwambia abonyeze alama ya spika pale chini kulia, achague spika zake za zamani. Muda si mrefu akanitumia ujumbe wa sauti, sabufa inadunda nyuma yake mpaka simsikii anachosema.

Mazabodi imekufa! Kauli hiyo naijua vizuri.

Hapa Mwanga, Kigoma mjini, nina kistudio changu cha chumbani. Narekodi kwaya, matangazo ya harusi, na wale wasanii wachanga ambao kila mmoja anaamini vipaji vyote vinazaliwa Kigoma (sibishani nao). Siku moja mashine ikakata sauti, na kwaya ilikuwa inasubiri nyimbo zake za Pasaka. Fundi niliyempelekea, jina lake nalihifadhi, akapiga Windows upya, yaani akaisakinisha tena kuanzia mwanzo, na kufuta kila kitu bila hata kuniuliza. Nilimpelekea mashine bubu, akanirudishia bubu na tupu, na hela akachukua. Mpaka leo roho inaniuma, maana mwalimu wa kwaya alinikasirikia mimi, hakumkasirikia fundi.

Nikakaa nayo mwenyewe. Nilimulika tundu la hedifoni la mbele kwa tochi ya simu, nikaona kitu kinang'aa ndani kabisa: ncha ya jeki, imekatikia humo. Ndani ya tundu lile kuna kibati kinachosukumwa jeki ikiingia, na kikishasukumwa kompyuta inaamini umevaa hedifoni, basi inazinyamazisha spika za nyuma. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikatoa mrija wa wino kwenye kalamu ya Bic, nikauingiza mpaka ukaing'ang'ania ile ncha, nikavuta taratibu. Ikatoka. Kidude kidogo kuliko punje ya mchele, na nyimbo za watu zilishafutwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo wewe mwenzangu unayeota studio yako, anza na vitu vya bure. Angalia sauti inaelekezwa wapi. Angalia kama Bluetooth haijashika spika ya chumba cha pili. Angalia matundu ya nyuma: kijani ni la spika, waridi ni la maiki. Kama sauti imepotea baada ya Windows kujisasisha, ingia Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), fungua kifaa chako cha sauti, irudishe draiva ya zamani, yaani programu inayokiendesha kifaa hicho. Au andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, tafuta Windows Audio, iwashe upya. Kisha washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, bila kuisakinisha. Sauti ikisikika humo, vifaa vyako ni vizima, na anayekuambia ununue mazabodi anatafuta hela ya kula.

Mvumo mnene usioisha kwenye sabufa ni jambo jingine. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na kompyuta ikiwa kwenye soketi moja na sabufa kwenye nyingine, mvumo huo hupita kwenye waya wa sauti. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, hata kama kuna anayekuambia mvumo utaisha. Huo ndio unaokukinga na shoti.

Vijana tuache uvivu wa kubeba CPU (lile kasha la kompyuta) mgongoni kabla hatujagusa hata kitufe kimoja. Na kabla haijatoka nyumbani, kazi zako zihamishie kwenye diski ya nje, kisha mwambie fundi kwa mdomo wako asifute kitu.

Ukiniandikia, usinitumie picha ya skrini peke yake. Nipigie picha ya nyuma ya CPU, nyaya zikiwa zimechomekwa.