Uliza kuhusu mguu, si mgongo: miaka baada ya pingili zangu kuunganishwa

Kila anayefikiria upasuaji huu wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo kwa vyuma huniuliza, "Mgongo umepona?" Mimi humjibu kuhusu mguu.

Pingili yangu ya nne ya kiunoni iliteleza mbele juu ya ya tano, ikabana mishipa ya fahamu. Nikisimama kidogo tu, moto unashuka kutoka kalioni hadi unyayoni. Nikikaa au kuinama mbele, unatulia. Moto ule uliondoka baada ya upasuaji na haujarudi. Kiuno je? Kina nafuu kubwa, ila asubuhi bado kinakaza, na kidole gumba cha mguu kina ganzi mpaka leo. Sishangai, kwani kwa wengi wetu maumivu ya mguu hupungua kuliko ya mgongo. Ikiwa miguu yako ni mizima na kinachouma ni kiuno peke yake, usiharakishe kusaini fomu.

Muulize pia daktari kama kwako inatosha kuipanua tu nafasi ya mishipa ya fahamu bila kuunganisha pingili. Si swali la kumdharau. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2016, na wa Norwe wa 2021, ilionyesha kwamba wengi ambao pingili zao ziliteleza kwa sababu ya umri walipata nafuu inayokaribiana hata bila vyuma. Pingili inayochezacheza sana ni suala jingine.

Ukishawekewa vyuma, jua kwamba havitakubeba maisha yote. Skrubu na fito huzituliza pingili hadi mfupa uliopandikizwa uote na kuzishika, kazi ya miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Mfupa ukigoma, chuma kinachosukwasukwa kila siku hulegea au hukatika. Kwa hiyo sigara sina upole nayo: acha kabla ya kulazwa, na usiirudie, maana nikotini hudhoofisha uotaji wa mfupa. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni usizimeze kienyeji miezi ya mwanzo. Daktari wako ndiye aruhusu.

Ujuzi niliojifunza wiki zile za mwanzo ndio ninaotumia hadi sasa. Kuamka: nalala ubavu, nashusha miguu nje ya kitanda huku nikijisukuma kwa kiwiko, mabega na nyonga vikigeuka pamoja kama gogo. Soksi naivaa nimekaa, kifundo cha mguu kikiwa juu ya goti la pili. Ufunguo ukianguka napiga goti moja, nauokota, najiinua kwa mapaja. Wanaonitazama hudhani naumwa. Siumwi, ni mazoea tu, na kutembea kila siku kumenisaidia kuliko kifaa chochote nilichouziwa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni majirani. Pingili zilizoungana hazipindi tena, hivyo kazi yao huangukia kiungo cha juu au cha chini yake, nacho huchakaa mapema. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPORT, takriban 22 kati ya kila 100 waliopasuliwa kwa pingili iliyoteleza kama yangu walikuwa wamepasuliwa tena ndani ya miaka 8. Wengi wao, basi, hawakurudi. Mimi nasema hivi kwa wanaodhani wakishapasuliwa mara moja wamemaliza: hifadhi picha zako za eksirei, ili maumivu mapya yakija kuwe na cha kulinganisha.

Maumivu mapya ya kawaida yanaweza kusubiri miadi. Lakini ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.