Maswali ya wasomaji: Apple na Samsung, hivi kweli wanachukiana?

SWALI: Habari za kazi dada mhariri. Mimi na shemeji yangu hatuishi kubishana, yeye ana iPhone mimi Samsung, imeshakuwa Simba na Yanga pale nyumbani. Kila nikifungua habari za teknolojia ni "vita", "Apple yaichapa Samsung", "Google yajibu mapigo". Haya makampuni ni maadui kweli au waandishi ndo mnatukoroga?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri tu kaka, shemeji msalimie. Ugomvi upo, tusidanganyane. Aprili 2011 Apple alimburuza Samsung mahakamani kule California akidai ameigiwa iPhone yake, Agosti 2012 jopo la raia walioteuliwa kuamua kesi likasema Samsung alipe dola bilioni 1 na ushee, hapo magazeti yalijaa kweli, halafu rufaa, halafu wakarudi tena, ikafika hadi 2018 jopo lingine likasema dola milioni 539, na Juni mwaka huohuo wakayamaliza wenyewe kimyakimya bila kusema wamepatana kwa shilingi ngapi.

Sasa sikia ambacho hakikuwekwa kwenye vichwa vya habari. Wakati kesi ndo imeanza kunoga, chipu ya iPhone 4S ilikuwa inatengenezwa na Samsung huyohuyo, kiwanda chake cha Austin, Texas. Na 2017 ilipotoka iPhone X, kile kioo cha OLED, aina ya kioo chenye rangi kali, watu walichokuwa wanakishangaa kilitoka kwa Samsung. Yaani shemeji akitoa hela yake kununua iPhone X ili akukomeshe wewe, Samsung naye anakula humohumo.

Google na Apple ndo usiseme. Huku Android ya Google, ule mfumo unaoendesha hata Samsung yako, huku iPhone ya Apple, utadhani hawasalimiani. Kwenye kesi ambayo serikali ya Marekani iliishtaki Google ikaja kujulikana kwamba mwaka 2022 peke yake Google alimlipa Apple dola bilioni 20 hivi ili ukitafuta kitu kwenye Safari, ile programu ya kuingilia intaneti kwenye iPhone, anayekutafutia awe Google. Bilioni 20 kwa mwaka, kwa "adui"!

Mbona tunaandika vita basi? Mimi niko humu kwenye hii kazi nakwambia, mkataba wa vioo hausomwi na mtu, kesi inasomwa, ina mshindi na aliyepigwa. Ila usitubebeshe lawama zote sisi, wenyewe nao wanachochea. Mei 2011 kampuni moja ya mahusiano ya umma, Burson-Marsteller, ilikuwa inawapigia waandishi wa Marekani na kuwaandikia imeili wataje ubaya wa Google kwenye faragha za watu, na ikajitolea hata kumsaidia mtafiti mmoja kuandika makala. Jamaa akauliza, mnalipwa na nani? Wakagoma kusema, akazianika zile imeili mtandaoni, na baadaye ikabainika mteja ni Facebook. Sasa jiulize ni habari ngapi za namna hiyo zilishapita na hakuna aliyeuliza.

Na mashabiki mko mbele kuliko mabosi. Agosti 1997 kule Boston, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alitangaza kwamba mpinzani wao Microsoft anaweka dola milioni 150 kwenye Apple iliyokuwa hoi, sura ya Bill Gates, bosi wa Microsoft, ikatokea kwenye skrini kubwa, mashabiki wa Apple ukumbini wakamzomea. Anakuokoa, unamzomea!

SWALI: Dada, mbona kwenye hizo vita zenu Tecno hatajwi kabisa na ndo simu tuliyonayo wengi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Umenibana hapo. Habari nyingi za teknolojia tunazichukua kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya tunatafsiri tu, na kule Tecno haiuzwi kivile kwa hiyo hawana muda nayo, na sisi tunaenda nao hivyohivyo wakati ukiingia dukani Kariakoo unakutana nayo mlangoni. Mwenye Tecno ni Transsion ya Shenzhen, China, inayoongoza kwa kuuza simu Afrika, na hata wale wanaobishana vijiweni Tecno kali, hapana Infinix kali, zote za kwake, na itel pia ya kwake.