Kabla hujanunua chochote, pima joto la prosesa

Nahariri video za harusi hapa Dar es Salaam, na kompyuta yangu ya mezani huwaka tangu asubuhi mpaka usiku wa manane. Februari mwaka jana ilianza kujizima katikati ya kazi. Naiacha video imefika asilimia 80, nikirudi nakuta kioo cheusi. Fundi akasema pawasapulai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, imekufa. Nikanunua nyingine, ikazima vilevile. Hela ile inaniuma mpaka leo.

Nikaweka HWMonitor, programu ya bure inayoonyesha joto la vifaa vya ndani, nikawa naangalia namba huku video inaendelea. Haikuchukua muda prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ikafika nyuzi 98. Prosesa nyingi za Intel kikomo chake ni takriban nyuzi 100: ikifika hapo inajipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda mashine inazima ili isiungue.

Nilipofungua kasha, kwa juu palionekana pasafi kabisa. Lakini nilipoitoa feni ya prosesa, chini yake, juu ya mapezi ya alumini, vumbi lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi. Nililibandua zima kwa vidole. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zote, hewa haina pa kupita. Pesti nayo, ule uji unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye mapezi, ilikuwa imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta mkuukuu.

Chomoa umeme kwanza. Safisha kwa brashi laini na bloa, na feni uishike kwa kidole isizungushwe na upepo, itaharibika. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa. Skrubu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo.

Halafu angalia kompyuta inapokaa. Yangu ilikuwa ndani ya kabati la meza, mgongo ukutani, inavuta tena hewa ya moto iliyoitoa yenyewe. Na feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba, sasa fikiria kabati lililofungwa mwezi wa pili! Nimeiweka juu ya kigoda, shibiri moja kutoka ukutani. Kuacha ubavu wazi na kuelekeza feni ya mezani kunasaidia siku ya dharura tu. Vumbi linaingia maradufu.

Sasa video kama zile hazivuki nyuzi 74. Kama yako bado inapita 90 baada ya kusafisha, hapo ndipo utafute feni kubwa zaidi Kariakoo, na uende umeandika aina ya soketi, yaani kikao cha prosesa, ya mazabodi (bodi kuu) yako, maana matundu ya skrubu hayalingani kwa soketi zote.