Tazama viatu kwenye ile picha

Marahaba, mwanangu. Ni mimi shangazi yako. Ujumbe wako wa sauti wa dakika sita nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwenye basi, mara ya pili jikoni, nimesimama, koti bado liko mwilini. Umeuliza mambo matatu: leseni ya kuuza nyumba huku Marekani inapatikanaje, kama ni kweli nyumba moja inamwachia dalali "milioni mia", na kama uuze kile kiwanja chako cha Rau, Moshi, upate nauli. Nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu hamko mmoja. Wiki hii peke yake mmeniuliza wanne, na mmoja wenu alinifundisha hesabu darasa la sita.

Tuanze na hiyo milioni mia. Najua imetokea wapi. Imetokea kwenye picha.

Nimesimama kwenye ngazi za nyumba ya mbao hapa Buffalo, jimbo la New York, bango la "imeuzwa" pembeni, koti refu jeusi, meno yote nje. Bibi yako akaipeleka mjini ikachapwa, ikatiwa fremu, sasa iko sebuleni Kibosho kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi ya baba yako. Mgeni akiingia, kabla hajapewa hata chai, anaambiwa: huyu ndiye anayeuza majumba Marekani.

Sasa siku ukienda kwa bibi, isogelee hiyo picha utazame viatu. Vile vyeupe vya mpira. Ni viatu vya kazini, na kazi yenyewe si ya nyumba. Chini ya lile koti nina sare ya bluu ya kituo cha kulelea wazee. Nilitoka zamu saa moja asubuhi, nikanawa uso chooni, nikapaka mafuta ya mdomo, nikavaa koti juu ya sare, nikaenda kukabidhi funguo. Usiku ule nilibadilisha nepi za wazee tisa. Mmoja alinimwagia uji kifuani kwa sababu alikuwa anamtaka binti yake na mimi siye. Doa lipo, koti ndilo limelificha. Huu ni mwaka wangu wa nne na leseni, na bado usiku nne kwa wiki naosha wazee. Kwenye kundi la ukoo sijawahi kuliandika. Niliwaacha muamini mnachoamini kwa sababu, niseme ukweli, hata mimi nilikipenda.

Haya, hesabu. Wewe ni dalali, hesabu hutaikimbia.

Nyumba ile iliuzwa dola 180,000. Upande wa mnunuzi, yaani upande wangu, kamisheni ilikuwa asilimia mbili na nusu: dola 4,500. Usinizidishie kwanza. Mimi sina ruhusa ya kupokea hata senti kutoka mkononi mwa mteja. Hela inaingia kwa broka ninayefanya kazi chini yake, yeye anakata yake asilimia 40. Nikabaki na 2,700. Hapo hakuna mwajiri wa kunikatia kodi, kwa sheria za huku mimi nahesabiwa mtu aliyejiajiri, kwa hiyo natenga mwenyewe karibu theluthi na kuilipa mara nne kwa mwaka, Aprili, Juni, Septemba na Januari. Ikabaki 1,890. Sasa zidisha. Kwa shilingi 2,500 kila dola ni milioni 4 na laki saba na kitu. Nzuri, sivyo? Ila ilichukua miezi minne na nyumba 23 nilizowafungulia watu wale wale, mafuta ya gari juu yangu. Pango langu ni dola 1,150 kwa mwezi. Na kabla hiyo hela haijatua, baba yako alishaiombea kumwaga jamvi, shangazi yako mwingine kaiombea ada, na mtu wa kwaya kaiombea spika.

Ninyi mnauliza kwa nini natuma laki mbili wakati nauza majumba. Laki mbili hiyo inatoka kwa wazee, wala si kwenye majumba.

Leseni yenyewe sasa. Hapa utashangaa, maana ndiyo sehemu nyepesi. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, nakupa ya New York kwa kuwa ndiyo niliyoipitia. Uwe na miaka 18. Usome kozi iliyoidhinishwa, zamani ilikuwa saa 75, tangu mwisho wa 2022 ni saa 77, na unaweza kuisoma kwa intaneti usiku watu wamelala. Umalize mtihani wa shule, kisha uende ule wa serikali ya jimbo: dola 15, maswali 75 ya kuchagua, saa moja na nusu. Hawakuambii umepata ngapi. Umefaulu au umefeli, basi. Mimi nilifeli wa kwanza. Baada ya hapo unatafuta broka akukubali, unaomba leseni kwa dola 65, inadumu miaka miwili, na kila kuihuisha unasoma tena saa 22 na nusu. Kwisha. Yaani leseni ya kuuza nyumba ya dola laki tatu ni bei ya mbuzi mmoja wa ndafu, toa ada ya shule. Ndiyo maana kila mtu anayo. Dereva wa teksi anayo, kinyozi anayo, nesi mwenzangu wa zamu anayo na hajauza hata banda.

Nilifeli kwa maneno. Kiingereza cha sheria za ardhi ni lugha nyingine kabisa, na nilikuwa nakikariri kama mtoto wa katekisimu. Mara ya pili nikaacha kukariri. Swali likija la haki ya jirani kupitisha njia au bomba kwenye ardhi yako, nilifumba macho nikauona ule mfereji wa babu yako, mfongo unaoteremka kutoka mlimani ukikata vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya watu sita, na hakuna anayeruhusiwa kuuziba hata kama unapita katikati ya migomba yake. Likija la mpaka, nikayaona masale, yale majani tunayopanda mpakani. Mitihani yao yote ya ardhi imo Kibosho, ila wao wameiandika. Nikafaulu.

Wewe unaona bado ni rahisi. Subiri.

Pale Pasua nimekusikia kwa masikio yangu ukimwambia mteja: mwenye nyumba hataki wenye watoto, anataka mtumishi wa serikali, na awe mkristo. Umesema kwa nia njema, unamwokolea nauli. Hapa sentensi hiyo inaweza kukumaliza. Kuna sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968, ilitiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, inayokataza kumbagua mtu kwenye nyumba kwa rangi, dini au asili yake. Baadaye wakaongeza jinsia, na mwaka 1988 ulemavu na kuwa na watoto. Mwaka 2019 New York waliongeza chanzo cha kipato, kumlinda hata anayelipiwa pango na serikali.

Nzuri, nasi weusi inatulinda. Lakini kuna siku ilinitoa machozi. Buffalo ina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, Kiswahili kitupu, ndio wateja wangu wakubwa. Mama mmoja, kitenge chake, mtoto mgongoni juu ya jaketi, akaniambia: nitafutie mtaa wenye watu wetu, nisikie hata mtu wa kumsalimia asubuhi. Ombi la kibinadamu kabisa. Na mimi siruhusiwi kulijibu. Kumwelekeza mteja mtaa kwa kufuata watu wa kabila au rangi gani wanakaa pale ni kosa, hata akiomba mwenyewe. Nikamwambia, mama, ramani hii hapa, zunguka mwenyewe jioni uone, ukipenda mtaa niambie nikufungulie nyumba. Akanitazama sana. Akasema, "Mama, unatuficha juu ya nini?" yaani kwa nini. Akaenda kwa mwingine. Mimi mtaa wenyewe naujua, nakaa nyumba ya tatu kutoka kona.

Na ile elfu kumi yako ya kutembeza wateja? Huku kumwonesha mtu nyumba kwa malipo bila leseni ni kosa la jinai, unapelekwa mahakamani. Kuna jambo moja tu ambalo ungelipenda. Tangu Agosti 2024, baada ya kesi kubwa iliyokigharimu chama cha taifa cha mawakala dola milioni 418, mnunuzi anasaini kwanza nitalipwa kiasi gani ndipo nimfungulie mlango. Hakuna kukuzunguka, mteja kurudi usiku peke yake kwa mwenye nyumba na wewe kuambiwa "aisee, biashara imekufa". Hapo nilikukumbuka, nikacheka peke yangu garini.

Baridi sitaisema, mmeshaambiwa. Niseme tu kwamba funguo za nyumba zinakaa kwenye kiboksi cha chuma mlangoni, na Februari kile kiboksi kinaganda. Nimewahi kukipulizia pumzi kama napuliza kuni mbichi, wateja wako garini wananiangalia, dakika kumi, mpaka kikaachia. Hawakuinunua.

Sasa nauli. Usiuze kiwanja. Nimesema usiuze. Leseni ya nyumba haikupi viza wala kibali cha kazi, iandike kwenye kiganja. Viza ya kutembea haikuruhusu kufanya kazi, na anayekuambia "njoo tu, ukifika utajipanga" muulize yeye alijipanga miaka mingapi na alilala wapi. Mimi niliondoka kwa hela ya kiwanja cha babu yako, kilekile cha Pasua ambacho leo kina fremu tano za maduka za mtu mwingine. Babu hakuwahi kunikumbusha. Alipofariki nikamzika kwa simu, mlinishikia hiyo simu mkaiinamisha kaburini nilione. Kwa hiyo mimi ni nani wa kukukataza? Lakini nakukataza.

Ukipata njia halali, chochote chenye karatasi, basi njoo, nitakupokea na godoro lipo. Njoo na akiba ya miezi sita ya kula, maana mwaka wa kwanza unalipa tu: ada za chama, za mtandao wa orodha za nyumba, kadi, mabango. Mimi ilipita dola elfu moja kabla sijauza kitu. Na ukija, tafuta kwanza kazi ya mshahara. Au usitafute, maana ukiishaizoea hutaiacha, nitazame mimi.

Lakini nikuambie kitu ambacho kila siku kinanikereketa. Biashara unayoitafuta huku unaikalia huko. Watu wa Moshi walio nje wananunua ardhi nyumbani kila mwezi, na wanaibiwa kila mwezi. Mimi nimetuma hela ya kiwanja kilichokuwa kimeshauzwa kwa wawili kabla yangu, na aliyeniuzia tulibatizwa siku moja. Anatafutwa dalali ambaye ataenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati kabla hajasema bei, apite serikali ya mtaa aulize kama kuna mgogoro, aongee na majirani wote wa mpakani, apige picha za mawe ya mipaka, na amwambie mtu aliye Buffalo "shangazi, hiki acha" hata kama kamisheni yake inakufa. Huyo nitamlipa. Si mimi tu, nina namba za watu kumi na moja hapa wanaouliza, na siwezi kuwapa yako kwa sababu mwaka jana ulimwonesha mtu shamba la Himo ambalo hukuwahi kulikanyaga. Usibishe, nimesikia.

Kwa hiyo fanya hivi. Kuna kiwanja Uru, mwenzangu wa hapa anataka kukinunua, ukubwa wa hatua 20 kwa 25 walivyomwambia. Nenda Jumatatu. Usipige simu, nenda. Upime kwa futi, hizo hatua za mtu mrefu nazijua. Nitumie unachokikuta, kizuri na kibaya, nami nitakutumia nauli ya bodaboda na posho ya siku. Ukinidanganya nitamwambia bibi yako.

Mwambie baba yako jamvi lisubiri. Kuna nyumba iko kwa wanasheria, ikisainiwa mwezi ujao nitampa mifuko ishirini ya saruji, ishirini tu. Dawa za presha za bibi nimeshatuma leo, zipokelewe. Na picha muiache ukutani, asije akaumia bure. Ya viatu nitamwambia mimi mwenyewe Desemba, nikijaliwa kuja. Nalala sasa, zamu ni saa tano usiku.