Re: Vijana wa Korogocho kuacha mafunzo ya taka katikati

Buda, umeuliza mbona vijana wanaanza mafunzo ya kuchakata taka halafu baada ya wiki mbili darasa limebaki nusu. Si uvivu, tafadhali tusiseme hivyo! Mtu anayeokota plastiki kwa jaa la taka la Dandora, Nairobi, anakula alichouza leo, ukimketisha darasani toka asubuhi mpaka jioni bila posho umewanyima watoto wake chakula, kwa hivyo wekeni masomo mchana akishauza mzigo, na pesa ya lanchi iwe kwa bajeti toka mwanzo. Halafu vitambulisho, wengi hawana, hiyo mwanzie kwa chifu kabla ya somo la kwanza. Cheti nacho kiwe cha maana, wale mnaowafundisha kufunga sola wapelekeni wafanye mtihani wa umeme gredi ya 3 wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, zile karatasi za kuhudhuria haziwasaidii wakitafuta kazi. Na sheria ya taka ya Kenya ya 2022 inataka watu watenganishe taka hukohuko nyumbani, hapo ndo kuna nafasi za kazi kabisa, ongeeni na makeateka (wasimamizi) wa ploti za kupanga na wanunuzi wa plastiki kabla hamjafundisha mtu yeyote.