DVD ya Godzilla ya Ujerumani ina dakika 92 badala ya 96: imekatwa?

Hapana, usiirudishe bado. Godzilla ya 1954 ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. DVD za PAL, mfumo wa video wa Ulaya, huiendesha kwa 25, hivyo dakika 96 zinashuka hadi 92 hivi na sauti inakuwa nyembamba kidogo. Ungekuta dakika 80 hivi, hilo lingekuwa toleo la Marekani la 1956 lenye Raymond Burr, ambalo kwa mkusanyaji ni filamu nyingine kabisa.

Ukinunua ya Japani, omba kwanza picha ya nyuma ya kasha: nyingi hazina manukuu ya Kiingereza. DVD zake ni eneo 2 (namba ya ukanda ambako diski inaruhusiwa kucheza) kama za Ulaya, ila NTSC, mfumo wa video wa Japani na Marekani. Blu-ray zake ni eneo A, sawa na Marekani. Deki ya Ulaya ya eneo B huzikataa zile zilizofungiwa eneo A.