Kasuku akipukutika manyoya, usimpake kitu

Mwaka wa kwanza nilipokaa na Zuhura nilijua anakufa. Ni kasuku wa kijivu, ami yangu aliniachia alipohamia Pemba, na mie nilikuwa sijawahi kufuga hata njiwa. Siku moja baada ya alfajiri nafunua tundu nakuta manyoya chini utadhani pamechinjwa kuku, ndege mwenyewe kajikunja kanuna hataki kusemeshwa. Bi mkubwa akasema huyo kapatwa na jicho la watu. Jirani akanambia mpake mafuta ya nazi, na kwa khofu niliyokuwa nayo nikampaka kweli.

Wenzangu msifanye hivo. Mafuta yanagandisha manyoya, ndege anashindwa kuhifadhi joto lake, afu akijisafisha kwa mdomo anayameza yote yale. Nilimuosha kwa maji ya uvuguvugu siku mbili ndo akarudi kuwa ndege, na nilijuta sana mana hakuwa anaumwa chochote. Alikuwa anabadilisha manyoya tu. Unyoya ukishachakaa hautengenezeki tena, lazima udondoke uote mwengine, na Zuhura humjia mara moja kwa mwaka, inachukua wiki kadhaa. Kwenye mabawa yanatoka kidogokidogo, huku moja na huku moja, ndo mana anaendelea kuruka.

Kitu kikubwa ninachotaka mukijue ni hizi chipukizi. Unyoya mpya unatoka kama mwiba, umevikwa ala, na ndani yake muna damu inayopita, ukitazama kwa chini unaona rangi ya kiza kama buluu. Ule uko hai na unauma. Mtoto wa dada yangu alimshika bawa kwa mapenzi tu, chipukizi moja ikavunjika, damu ikawa inadondoka na umeme umekatika, namulika kwa tochi ya simu mkono unanitetemeka. Nilimfunga kwenye taulo asipapatike, nikatia unga laini wa mahindi pale penye damu, nikabana kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kufunua funua mpaka ikakata. Asubuhi nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Watu watakwambia ing'oe tu hiyo chipukizi, mie nasema muachie daktari, na damu isipokata usingoje asubuhi.

Ala ikishakauka ikawa nyeupe inapukutika yenyewe kama mba. Kichwani hafiki kwa mdomo, kwa hiyo Zuhura huniletea kichwa mwenyewe nami namsugua taratibu kwa ncha za vidole, zile ala zilizokauka tu, akivuta kichwa naacha.

Chakula nacho. Unyoya karibu wote ni protini, sasa ndege wa kula alizeti tupu kutwa atatoa wapi? Nampa kipande cha yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki, choroko au kunde zilizopikwa bila chumvi, na mchicha, karoti, boga na papai kwa ajili ya vitamini A. Kasuku wa kijivu pia hupungukiwa kalsiamu kwa wepesi, basi naokota pwani lile gamba jeupe la dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, naliroweka maji baridi na kuyabadilisha mpaka chumvi itoke, nalianika juani, afu namning'inizia atafune. Parachichi hapana kabisa, hata kidogo, linaua. Kahawa na chokoleti vilevile.

Maji anayapenda mno, asili yao misitu ya mvua huko Afrika ya kati na magharibi, na joto letu la kaskazi linamzidishia muwasho. Namrashia kwa chupa ya kupulizia, maji matupu, asubuhi ili jua limkaushe kabla ya jioni. Usiku namfunika khanga na taa tunazima mapema, alale kwa muda wa saa kumi mpaka kumi na mbili.

Na udi jamani. Najua nyumba zetu, Alkhamisi jioni lazima chetezo, lakini mapafu ya ndege hayastahamili moshi. Kwangu tundu linatolewa uani kwanza ndo udi unawashwa, na kikaango kisichoshika chakula hakiachwi kikaungua motoni mana ule moshi wake unaua ndege haraka.

Ukiona kipara, hapo sio kupukutika tena. Kifua kitupu na kichwa kimejaa manyoya, basi anajinyonyoa mwenyewe, aghalabu kwa upweke au muwasho au ugonjwa wa ndani. Kichwa nacho kikiwa kipara na manyoya mapya yanatoka yamepinda, mpeleke kwa daktari na usimchanganye na ndege wengine. Mie nampiga picha kila Ijumaa nikalinganisha.

Sasaivi Zuhura yuko wiki ya nne. Mkia mwekundu umeshaanza kutoka, vijiti vitatu, na jana kwa mara ya kwanza tangu aanze kupukutika kanipigia mluzi nilipofungua mlango.